Kidole Kisichochoka

"Viatu nje, Afande," Minza alisema.

Sajenti Josefina alimtazama, akamtazama Koplo Method, kisha akainama kuvua. Katika miaka yake yote ya upelelezi alishatukanwa na watuhumiwa, alishaliliwa nao, mmoja alishamng'ata. Huyu alikuwa wa kwanza kumpangia masharti.

"Vumbi la Mpanda likiingia humu halitoki," Minza aliongeza, kama anayeomba radhi, ingawa hakuwa anaiomba. Alikuwa ametolewa mahabusu asubuhi hiyo ili aoneshe mahali pa tukio. Kanga ya mabegani ilikuwa imekunjamana na macho yalikuwa mekundu, lakini alisimama wima mlangoni mpaka polisi wote wawili walipobaki na soksi.

Shauri lenyewe lilikuwa hili. Wakulima na wafugaji wa Sibwesa, baada ya kugombana mpaka wakachoka, waliunda Umoja wa Mashamba na Malisho. Wakapima mipaka yao yote, huku mahindi, kule ng'ombe, wakaihifadhi kwenye mashine za ofisi yao mpya hapa mjini, nyuma ya stesheni. Jumamosi ofisi ikazinduliwa kwa pilau na ngoma. Jumatatu asubuhi mashine ya mipaka ikakutwa tupu, imesafishwa kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu. Meneja wa Umoja, Bwana Stanslaus, akasimama uani mbele ya watu na kusema mwizi aliyeifuta ni fundi wake mwenyewe, Minza. Sababu? Baba yake, mzee Mwandu, ana ng'ombe Sibwesa, na mpaka mpya umemega malisho yake.

Sasa wazee wa Sibwesa walikuwa wamekuja, wameketi uani, wakulima na wafugaji, wala hawasalimiani. Jalada lilitakiwa kwa mwendesha mashtaka kabla ofisi hazijafungwa. Likishafika huko, Minza hatarudi mahabusu ya kituo. Atapelekwa gerezani kungoja kesi.

"Nieleze," Josefina alisema. "Nieleze kama unamweleza bibi yako aliyeishia darasa la saba."

Mbele yao ilisimama raki, kabati la chuma refu kuliko Method, na ndani yake mashine zimepangwa moja juu ya nyingine kama trei za mikate. Minza alishika mpini mdogo usawa wa kifua chake, akavuta kwa kidole kimoja. Droo nyembamba ikateleza nje bila sauti. Akainua kifuniko, kumbe kifuniko ndicho skrini, na chini yake kibodi imelala na vitufe vyake vyote.

"Hii ndiyo konsoli. Hizi seva hazina macho wala mdomo, Afande, kila moja peke yake ni bubu. Zote zinaongelea hapa. Nikibonyeza hapa naongea na ya kwanza, nikibonyeza hapa naongea na inayofuata. Nikimaliza nafunga kifuniko, nasukuma droo, mambo yamekwisha."

"Nani aliifunga hapa?"

"Mimi."

Alijibu upesi, kidevu juu. Method akakohoa.

"Reli za mbele na za nyuma nimezipima kwa pimamaji," Minza aliendelea, na sauti yake ikapata moto. "Zikipishana hata kidogo droo inakwama, ukiilazimisha inakata waya. Enoka wa kuchomelea vyuma alinishikia nyuma, mimi nikakaza skrubu za mbele. Nyaya nimezilegeza, nikazifunga kwenye huu mkono unaojikunja. Droo ikitoka zinaifuata, ikirudi zinajikunja zenyewe. Meneja alitaka kuleta fundi kutoka Mbeya. Nikamuuliza, wa nini?"

"Kwa hiyo hakuna anayeijua droo hii kukuzidi."

"Hakuna."

"Mashine zimeunganishwa na intaneti?"

"Bado. Anayetaka kuziamrisha lazima asimame hapo hapo ulipo wewe."

"Funguo za mlango?"

"Mbili. Yangu na ya Meneja."

"Na nywila ya kuingilia?"

"Naijua mimi tu."

Method alipumua kwa nguvu. Josefina alivaa miwani yake taratibu. "Mwanangu, unajua kwamba unajifunga kamba mwenyewe?"

"Umeniuliza, Afande. Nikudanganye?"

"Jumapili ulikuwa wapi?"

"Sibwesa, nyumbani. Niliondoka Jumamosi na gari la wageni, nikarudi Jumatatu."

"Meneja anasema uliitega kabla ya kuondoka, kama mtu anavyotega saa."

"Meneja hajui kutega hata saa."

Josefina hakucheka, ingawa mdomo ulitaka. Aliinama juu ya droo. Alikagua vitufe, akakagua pembe, akafika kwenye bawaba inayoshika skrini. Hapo alisimama.

"Method, kibano."

Alivuta uzi. Mfupi, wa njano, mgumu kama unyoya wa kuku. Alipousugua ukatoa unga mweupe. Uzi uliopakwa uji wa muhogo ukakauka.

"Wa kanga yako huu?"

Minza aliutazama, akakunja uso. "Kitambaa humu hakiingii. Nilikataza. Angalia, Afande." Akashusha kifuniko polepole, akakisimamisha kikiwa karibu kufunga. "Kati ya skrini na vitufe, nafasi iliyobaki ni ya njiti ya kiberiti. Chochote kinachozidi hapo kinakandamiza vitufe. Hata kalamu ukiisahau ndani, imekula kwako."

"Kikikandamiza, mashine inajifuta?"

"Ah, wapi! Mashine ikiwa macho haimsikilizi mtu bila nywila. Ingekuwa hivyo ningeshakwambia, nitoke."

Josefina aliukunja ule uzi ndani ya karatasi, akauweka mfukoni, akatoka nje na Method.

Mlinzi wa Umoja, mzee Gervas, alikuwa amekaa kwenye kigoda ukutani, upande wa nje wa chumba kile kile cha seva. Alipowaona alisimama, rungu mkononi.

"Shikamoo, mzee Gervas," Method alianza.

"Marahaba. Sijui kitu."

"Hatujakuuliza."

"Ndiyo nakujibu mapema."

Josefina alijishusha akakaa kwenye tofali, kama mtu aliyekuja kupumzika tu. "Wala sikuja kukuuliza, mzee mwenzangu. Nimekuja kukutegea."

Uso wa Gervas ukalegea. "Hee! Polisi wanatega siku hizi? Tega basi."

"Nyumba imefungwa, kufuli halijaguswa. Ndani yumo asiye na miguu, na ameiba."

Gervas alikuna kidevu. Akatazama ukuta nyuma yake. "Kifaranga," alisema.

"Kifaranga ana miguu."

"Wa hapa hana. Analia tu."

Neno likishatoka halirudi kinywani, na Gervas aliligundua hilo kwa kuchelewa. Alitupa jicho kwenye dirisha la Meneja.

"Analia wapi?" Josefina aliuliza kwa upole.

"Mama, mimi nina wajukuu. Kibarua hiki..."

"Na yule binti ana baba. Amekaa pale, mwone. Analia wapi?"

Gervas alirudi kwenye kigoda chake. "Jumapili umeme ulikatika, watu wako kanisani. Uliporudi, mle ukutani kikaanza. Pi, pi, pi, pi! Nikasema kifaranga cha jirani kimenasa. Nikazunguka, nikakiita, nikamwaga na chenga za mchele. Wapi! Kimelia mchana kutwa, kimelia usiku kucha, hakimezi hata mate."

"Kikanyamaza lini?"

"Jumatatu, Bosi alipofungua mlango."

Method aliacha kuandika. "Bosi ndiye aliyefungua? Kwenye maelezo yake anasema alimkuta Minza ndani."

"Ndani ya nini? Binti alikuwa bado njiani. Alifika hapa vumbi mpaka kwenye kope, Bosi keshaanza kupiga kelele zake."

"Mbona hukuandikisha, mzee?"

"Niandikishe kifaranga?"

Josefina alimrudia Minza akiwa anatembea haraka kuliko magoti yake yalivyopenda. Mlangoni alivua viatu bila kuambiwa.

"Mashine zako zinalia lini? Pi, pi, pi, bila kupumzika."

"Kitufe kikishikiliwa wakati mashine inaamka," Minza alisema. "Inalalamika kwamba..." Mkono ukapanda mdomoni.

"Sema."

"Wakati inaamka, Afande. Nilikwambia ikiwa macho haisikilizi mtu. Lakini ikizimika ikawaka, kuna muda kidogo pale mwanzoni inasubiri. Ukibonyeza Enter wakati ule inakupeleka upande wa matengenezo, na kule haiulizi nywila, maana kumewekwa kwa ajili ya fundi aliyeisahau. Inauliza, nikusafishie? Enter. Una hakika? Enter. Nianze upya? Enter." Alikuwa anahema. "Betri ya akiba bado haijafika. Umeme ukikatika, zote zinazimika na zote zinaamka. Konsoli nilikuwa nimeiacha kwenye seva ya mipaka, nilikuwa nawaonesha wageni."

Josefina alimgeukia Method. "Haya, na wewe nakutegea. Ni nani anayebonyeza mchana na usiku, hali, hanywi, na kidole hakimchoki?"

Method alifikiri mpaka akatoa jasho. "Nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Nakupa Mwese."

"Mwese nipande milima na magoti haya? Nipe mwingine."

"Basi chukua Usevya."

"Usevya ni kwetu, unanipa kilicho changu! Twende kwa Meneja, jibu liko ofisini kwake."

Ofisi ya Bwana Stanslaus ilikuwa imevishwa. Hakukuwa na neno jingine. Makochi yalivaa vitambaa vya kufuma, meza ilivaa, chujio la maji lilivaa kofia, hata simu ya mezani ilikuwa na shuka yake. Vyote vya njano na kijani, vimenyooshwa, maua yamesimama kama yamemwagiliwa leo. Ni ofisi ambayo mwanamke yeyote wa Mpanda angeingia na kusema, hapa pana mtu mwenye mama.

"Karibuni, karibuni sana," Stanslaus alisema. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye sauti ya kuhutubia hata akiomba chumvi. "Mmemalizana na yule msichana?"

"Karibu tunamaliza, baba. Hii kazi ya mikono ya nani?"

Alitanua kifua. "Mama yangu mzazi, Bibi Cecilia. Yuko kule kwenu Usevya. Macho yamechoka lakini sindano anaishika."

"Jumamosi alikuja?"

"Angekosaje? Mwanawe anazindua ofisi!"

Josefina alizunguka chumba akishika hiki, akisifia kile, mpaka akafika kwenye televisheni. Ilikuwa na kitambaa chake, cha kutosha. Juu ya hicho kulikuwa na kingine, kirefu na chembamba, na upande mmoja ua nene lililofumwa likasimama. Kwenye kona uzi ulikuwa umekatika.

"Na hiki?"

"Cha televisheni."

"Televisheni imeshavaa."

"Mama anafuma anavyojisikia."

"Na mimi nafuma, baba. Hakuna mtu anayeshika sindano bila kujua kitambaa kinaenda wapi. Hiki si cha meza, si cha kochi, si cha mtoto. Ni cha nani?"

Stanslaus alichukua kalamu, akaiweka. "Sajenti, umekuja kwa ajili ya wizi au kwa ajili ya vitambaa?"

"Tunakuazima. Kibebe wewe mwenyewe, uje nacho."

Walisimama mbele ya raki, wanne, wote kwa soksi. Minza alikitandaza kitambaa juu ya kibodi kwa vidole viwili, kama anayeshika nyoka aliyekufa. Kikaenea kutoka kitufe cha mwisho kushoto mpaka cha mwisho kulia. Hakikuzidi wala hakikupungua. Ua nene likatua juu ya Enter, likakaa.

"Seva imeshakuwa tupu, haina cha kupoteza," Josefina alisema. "Funga. Zima. Washa."

Kifuniko kikashuka. Droo ikarudi bila sauti. Minza akaizima seva, akaiwasha. Feni zikavuma. Kwa muda hakukuwa na kingine, na Stanslaus akaanza kutabasamu.

Pi, pi, pi, pi, pi.

"Huyo!" Gervas alipiga kelele nje ya ukuta. "Huyo huyo! Kifaranga! Mkamateni!"

Waliiacha ilie. Kisha Minza alivuta droo, akainua skrini bila kugusa kitambaa, akawasomea kilichoandikwa kwa kukitafsiri: mashine imesafishwa, karibu uanze upya.

Stanslaus alikaa juu ya boksi tupu la vifaa. Sauti ya kuhutubia ilikuwa imemtoka. "Nilimpelekea kipimo kwa kamba," alisema. "Mama akakaa akafuma na macho yale. Kifaa cha thamani hivi, kikae uchi? Nilitaka akione mwanawe anachokisimamia, na kazi yake iko juu yake. Minza alishakataa. Nikasubiri aondoke, nikamleta mama, tukakivisha pamoja. Mama alipiga vigelegele humu ndani. Mimi nikafunga."

"Na Jumatatu?"

"Nilikitoa kabla Minza hajaja kunigombeza. Nikakuta skrini inasema mambo nisiyoyajua. Sikujua ni kitambaa, Sajenti. Haki ya Mungu sikujua."

"Hilo nakuamini," Josefina alisema. "Hakuna aliyejua. Lakini ulituandikia kwamba ulimkuta binti ndani. Hilo nalo hukulijua?"

Stanslaus alitazama soksi zake.

"Tunaweza kuandika hitilafu ya umeme," alisema hatimaye. "Minza anaachiwa, anarudi kazini, mama yangu hatajwi. Wote tunatoka salama."

"Mimi sitoki salama," Minza alisema.

Hakupaza sauti. Alikuwa anakikunja kile kitambaa vizuri, pembe kwa pembe.

"Nitatoka mwizi aliyesamehewa. Kila nikifunga kitu mahali, watu watasema, huyu ndiye yule. Kazi yangu haina kosa, Meneja. Ile droo ingefungwa vibaya ingekataa kufunga juu ya kitambaa. Imefunga vizuri kwa sababu imefungwa vizuri." Akamkabidhi kitambaa. "Uliniita mwizi uani, mbele ya baba yangu. Ukayaseme haya huko huko."

Stanslaus alimtazama Josefina, akitafuta msaada.

"Jalada nitaliandika mimi kama lilivyo," Josefina alisema, "na maelezo ya uongo utayajibu kituoni. Hayo ni yangu na wewe. Lakini ya uani ni deni la binti, siwezi kukusamehe kwa niaba yake. Mama yako usimtaje kwa ubaya. Alifuma kitambaa, hakusema uongo."

Stanslaus alitoka. Kuna watu ambao wangepita mlango wa nyuma, na Josefina alikuwa amemweka Method huko kwa tahadhari, lakini Stanslaus alipita mlango wa mbele, kitambaa mkononi, akasimama jua kali mbele ya wazee. Alieleza yote, na hakupunguza. Alipofika kwenye kitambaa, mtu mmoja alicheka, halafu wengi wakacheka, na alingoja wamalize. Alipofika kwenye uongo wake, hakuna aliyecheka.

"Minza hakufuta kitu," alimaliza. "Niliyemtukana alikuwa hayupo hata mjini. Nawaomba radhi, na yeye namwomba radhi mbele yenu."

Mzee Hilari, msemaji wa wakulima, alisimama kwa fimbo. "Tumesikia habari za kitambaa. Na mipaka yetu je? Ndiyo imekwenda?"

"Haijaenda, babu," Minza alisema kutoka mlangoni. "Vile vifaa vya mkononi tulivyopimia bado vina alama zote. Sikuvifuta. Naziingiza upya, ni kazi lakini inakwisha."

Josefina alimgeukia. "Na umekaa mahabusu kimya?"

"Waliniuliza kwa nini nimefuta. Hakuna aliyeniuliza kama naweza kurudisha."

Uani kukavuma kama mzinga wa nyuki. Katikati ya kelele hizo mzee Mwandu alisimama. Tangu asubuhi hakuwa amesema neno, si kwa polisi, si kwa wafugaji wenzake. Alivaa koti lake la sherehe lile lile la Jumamosi, na alimwita binti yake mayu, kama wazee wa kwao wanavyowaita mabinti wanaowapenda.

"Mayu. Hicho chombo kilichotaka kukufunga, nani alikiweka humo ndani?"

"Baba, si unajua?"

"Najua mimi. Nauliza."

"Nilikiweka mimi, baba."

"Hilari hasikii vizuri."

Mzee Hilari alifungua mdomo kukanusha, akamtazama Mwandu usoni, akaufunga. Akaweka mkono nyuma ya sikio.

"Nimekifunga mimi!" Minza alisema kwa sauti ya kufika barabarani. "Reli, skrubu, waya, vyote! Mimi Minza!"

"Sasa nimesikia," Hilari alisema. "Mpaka stesheni wamesikia."

"Basi nipisheni," Minza alisema, akifuta macho kwa pindo la kanga. "Nina kazi."